Zambarau Ikipotea, Ni Etheni Kweli?

SWALI: Salamu, Mhariri. Sisi ni wanafunzi wa kidato cha tatu. Ili kupata gesi ya etheni, tulichemsha ethanoli (alkoholi) pamoja na asidi kali ya salfuriki, tukapitisha gesi iliyotoka kwenye myeyusho wa zambarau wa pamanganeti ya potasiamu (KMnO₄). Kundi moja lilibaki na maji yasiyo na rangi, jingine likapata tope la kahawia. Nani kakosea?
Wanafunzi, Kisauni

JIBU: Hakuna aliyekosea. Bila shaka kundi la kwanza lilitia asidi. Penye asidi, manganisi, metali iliyomo kwenye pamanganeti, hupokea elektroni na kushuka kutoka hali ya +7 hadi +2, na hiyo katika maji karibu haina rangi. Pasipo asidi huishia +4, yaani manganisi dayoksaidi, ndilo hilo tope lenu. Mkitia alkali, kama sodiamu haidroksaidi, tazameni vizuri: kabla ya kahawia hupita kijani.

Kwa etheni, myeyusho ukiwa baridi na mwepesi, bondi maradufu, yaani kiungo cha mara mbili kati ya kaboni mbili, hufunguka, kila kaboni ikapokea OH moja. Hapo mmepata ethani-1,2-dioli, ile ile inayotiwa kwenye rejeta za magari:

3C₂H₄ + 2KMnO₄ + 4H₂O → 3C₂H₄(OH)₂ + 2MnO₂ + 2KOH

Myeyusho ukiwa mkali na wa moto, molekuli hukatika papo penye bondi. Propeni, ndugu wa etheni mwenye kaboni tatu, kwa mfano, hutoa asidi ya ethanoiki na kaboni dayoksaidi.

Kinachonitia wasiwasi ni gesi yenyewe. Je, mliiosha? Kwenye nyuzi 170 hivi ethanoli huungua kidogo, chupa ikawa nyeusi, na asidi ikatoa salfa dayoksaidi. Gesi hiyo huondoa zambarau upesi, na maji ya bromini, yanayotumika pia kupima bondi maradufu, huyaondolea rangi vilevile, kwa hiyo jaribio hilo la pili halitawaokoa. Ipitisheni kwanza kwenye sodiamu haidroksaidi, gramu 8 katika mililita 100 za maji. Testityubu mbili za mwanzo zimwageni, kwani ni hewa tu. Na mrija utoeni kwenye alkali hiyo kabla ya kuondoa moto. Chupa ikipoa huvuta alkali hadi kwenye asidi ya moto, na hapo mtu huumia.

Pamanganeti iwe gramu 0.16 kwa mililita 100. Ikizidi, gesi kidogo haiwezi kuimaliza, nanyi mtaandika "hakuna mabadiliko". Maji ya kisima msiyatumie, uchafu uliomo hula rangi. Asidi ya kutia kwenye pamanganeti iwe ya salfuriki iliyopunguzwa makali. Ya haidrokloriki hutoa klorini. Ile kali kabisa kamwe msiimwagie fuwele za pamanganeti: hutokea mafuta ya kijani yanayolipuka.

SWALI: Naweza kutofautisha mafuta ya nazi na ya alizeti kwa pamanganeti?
Msomaji, Likoni

JIBU: Kwa kiasi. Kama asilimia 90 ya asidi za mafuta ya nazi hazina bondi maradufu. Za alizeti nyingi zinazo. Tia matone 5 kwenye mililita 2 za pamanganeti hiyo hiyo, ongeza chembe ya sodiamu kaboneti, kisha tikisa kwa nguvu, maana mafuta na maji havichanganyiki. Alizeti hugeuza kahawia mapema. Ila mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani huwa na mabaki ya tui, na sukari iliyomo nayo hula zambarau. Yachuje kwanza, uyapashe moto hadi yaache kutoa povu, yapoe, ndipo ujaribu.