Kwa nini zimamoto wa Edo wanatwangana huku mtaa unaungua

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye ile muvi ya Kijapani vikosi viwili vya zimamoto vinapigana badala ya kuzima moto, na yule jamaa aliyeganda juu ya paa na mti wenye vishada anafanya nini. Muvi za namna hiyo nilizitazama sana nilipokuwa nasoma Tokyo, ila nilizielewa nilipoingia Makumbusho ya Zimamoto pale Yotsuya. Kiingilio bure.

Ule mti unaitwa matoi, ndiyo alama ya kikosi. Edo, yaani Tokyo ya leo, ilikuwa nyumba za mbao na milango ya karatasi, zimebanana. Pampu zao za mbao zilirusha maji kidogo mno, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kubomoa: wanashika kulabu ndefu, wanaangusha nyumba za upande ule upepo unakoelekea ili moto ukose cha kula. Matoi ikisimama paani maana yake moto unaishia hapa, na sisi ndio tuliouzuia. Kushuka mapema ni aibu ya kikosi kizima. Sasa kikija kikosi kingine kikataka paa lile lile, ngumi lazima zitembee. Pale inagombewa heshima, na muvi haijatia chumvi.

Uhasama una mizizi mingine pia. Moto wa 1657 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na mwaka uliofuata serikali ikaunda vikosi chini ya masamurai. Mwaka 1720, enzi za Yoshimune, shoguni (mtawala wa kijeshi) wa wakati huo, hakimu Ooka Tadasuke akapanga vikosi vya raia. Wengi wao walikuja kuwa tobi, mafundi wa kazi za juu kwenye ujenzi. Anayejua nyumba inavyoungwa anajua pa kuivutia ianguke! Hawa hawakuwa tayari kumpisha mtu kisa ana panga kiunoni. Mwaka 1805 kikosi cha raia kilichoitwa Me kilizichapa na wanamieleka wa sumo kule Shiba, mtaa wa Edo, na kisa hicho kikaja kuwa mchezo wa kabuki, yaani maigizo ya jadi ya Kijapani.

Ukiirudia, tazama makoti. Ni pamba iliyoshonwa tabaka kwa tabaka, wanailowesha maji kabla ya kuingia. Bitana ina michoro ya majoka na mashujaa. Moto ukizimwa wanaligeuza koti, mchoro unakuja nje, wanarudi nyumbani mtaa mzima unawatazama. Kwangu mimi, mwongozaji asiyeonyesha hilo ameacha nusu ya utamu.

Na ukibahatika kuwa Tokyo tarehe 6 Januari, nenda kwenye gwaride la zimamoto uone wanavyocheza sarakasi juu ya ngazi za mianzi.