Mana ya jana huoza

Kwa miaka kadhaa nilikuwa Mkristo wa mikesha. Likitangazwa kongamano, nipo. Akija mhubiri mgeni, nimeshakaa mstari wa mbele na daftari langu. Machozi yalikuwa ya kweli, sikuwa naigiza, na nilitoka pale mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Ijumaa usiku, moto. Ikifika Jumanne nimerudi kuwa yuleyule mwenye wivu na wasiwasi, nashika simu kutafuta mahubiri mengine ya kuniwasha. Nikaamini wenzangu wana siri ambayo mimi nimenyimwa.

Kilichonifumbua macho ni sura niliyoifahamu tangu shule ya Jumapili: Kutoka 16. Waisraeli wanapewa mana, chakula cha kutoka mbinguni, wakiwa jangwani, kila mtu pishi moja kwa siku, na Musa anawaonya wasiibakize hadi asubuhi. Wengine wakaibakiza. Ikaingia mabuu, ikanuka. (Siwacheki, ningekuwapo ningejaza mitungi.) Lakini ile ya siku ya sita, walioagizwa kuiweka kwa ajili ya Sabato, haikuoza. Basi Mungu hakushindwa kutengeneza chakula kinachodumu. Alitaka kesho watoke tena. Wakala hivyo miaka 40.

Nikajiona humo. Nilikuwa namwomba Mungu anishibishe mara moja, yaishe, nisiwe na haja ya kumrudia. Kila nilipohisi njaa Jumanne nilidhani imani yangu ni mbovu, kumbe njaa ilikuwa haki yangu: nilikuwa nakula mara moja kwa mwezi. Yesu naye, katika Yohana 6, hasemi aliyewahi kuja kwake hataona njaa. Anasema "ajaye kwangu". Neno hilo nimelitafuna sana.

Ukiniuliza leo nafanya nini, jibu langu halina mvuto. Nasoma zaburi moja asubuhi, kwa sauti, kabla sijagusa simu. Nachagua zaburi kwa sababu hazinilazimishi kujifanya. Ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, wala hakuna aliyeona vema kuiondoa kwenye Biblia. Nikimaliza namwambia Mungu hali yangu ilivyo, hata kama ni "leo sikusikii". Siku nyingi sisikii mwili kusisimka wala chochote. Nimeacha kuzihesabu siku hizo kuwa zimepotea, maana nikitazama nyuma naona ndizo zilizopunguza ule wivu, polepole, bila hata mimi kugundua. Paulo aliandika kutoka kifungoni kwamba *amejifunza* kuwa radhi na hali yoyote. Kama Paulo alijifunza, mimi nani niipate kwa kuwekewa mikono?

Mikesha bado naenda, ila si kwa kujaza akiba. Na nina ndugu wawili kanisani wanaoniuliza maswali yanayoniudhi. Tafuta wa namna hiyo.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo, kwa kuwa niliwahi kuumizwa na ushauri wa kinyume chake: si kila ukavu ni wa kiroho. Nabii Eliya alipoketi chini ya mti wa mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, ndipo akatembea siku 40 hadi mlima Horebu. Kama hulali kwa majuma, au huoni sababu ya kuishi, mwone daktari, tena upesi, na uombe ukiwa njiani. Anayekwambia kwamba hiyo ni kukosa imani hajaisoma 1 Wafalme 19.

Leo asubuhi ilikuwa zamu ya Zaburi 63, ya nafsi yenye kiu katika nchi kame. Nilisinzia katikati. Nikaanza upya kutoka mstari wa kwanza.