Kula chakula cha jioni kwenye nyumba ya kale, Mji Mkongwe: jibu kwa anayevuka kutoka Dar na wazee

Mkuu, umeuliza kuhusu kundi la watu 10, wazee wawili ndani yake, mnaovuka kwenda Unguja na mnataka kula juu ya dari la nyumba ya kale, yaani ile sehemu ya wazi juu kabisa ya nyumba. Usichague kwa picha za mtandaoni. Nyumba zile zilijengwa kuwa makazi ya wafanyabiashara na wakubwa wa Sultani, hazikujengwa kulisha watu. Kero nyingi utakazokutana nazo mezani chanzo chake ni boriti, ngazi au ukuta.

Kabla hujapanda boti, pitia Old Boma pale Sokoine Drive, hatua chache kutoka bandari ya boti za Zanzibar. Ni ya 1866–67, Sultani Majid aliijenga kwa ajili ya wageni wake, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyumba za Mji Mkongwe ni ndugu zake wa damu. Wapandishe wazee ngazi zake. Wakifika juu wanahema, umeshapata jibu la nusu ya swali lako.

Ngazi ndiyo habari kubwa. Nyumba nyingi ni ghorofa tatu au nne, ngazi nyembamba, vipandio virefu visivyolingana, na lifti mara nyingi haipo kwa sababu ni vigumu kutoboa shimo lake bila kuharibu nyumba. Unapopiga simu kuweka nafasi usiulize "kuna ngazi?", maana utajibiwa "kidogo tu". Uliza: kutoka mlangoni hadi mezani ni vipandio vingapi, kuna kishikio upande gani, na choo kiko ghorofa ya ngapi. Hilo la choo watu husahau. Meza ikiwa juu na choo kiko chini, mzee atashuka na kupanda mara mbili gizani.

Uliza pia namna ya kukaa. Dari la hoteli ya Emerson on Hurumzi (nyumba ya Tharia Topan, aliyekuwa mkuu wa forodha wa Sultani) linajulikana kwa kukaa chini kwenye mazulia na mito, viatu unavua. Panapendeza mno, na azana ya magharibi inakuzunguka pande zote, lakini mwenye magoti mabovu akishakaa hainuki bila kushikwa mikono. Kwa wazee wako ningeangalia Shangani, upande wa bahari: hoteli ya Africa House, iliyokuwa klabu ya Waingereza, au hoteli ya Serena, ambayo sehemu yake ilikuwa jengo la simu za kimataifa. Huko kuna viti vya kawaida na jua linazama baharini mbele yenu.

Sasa boriti. Sakafu na dari za nyumba hizi zinabebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko hauvuki sana mita 3 kabla haujaanza kupinda. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Watu 10 hamtapata meza ya duara. Mtapangwa mstari mmoja kama abiria wa daladala, na aliye mwisho hasikii kinachozungumzwa mwanzo. Omba meza mbili za watano sambamba, au omba ua wa katikati kama nyumba inao.

Jiko nalo mara nyingi liko chini na ni dogo. Chakula kinapanda kwa mikono ya mhudumu, kwa hiyo vya kukaanga hufika vimelegea. Agizeni vinavyovumilia safari: pweza wa nazi, samaki wa kupaka, biriani, pilau. Na agizeni mapema, siku moja kabla ikiwezekana, vyakula vya aina tatu au nne kwa kundi zima. Kila mtu akiagiza chake mezani, wa kwanza atamaliza kabla wa kumi hajaletewa.

Muda: jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na giza huingia haraka. Fikeni saa 11:15 ili wazee wapande kukiwa na mwanga. Kwenye ujumbe wa kuweka nafasi andika "17:15", usiandike "saa 11" peke yake. Anayepokea akiwa mgeni atasoma saa tano asubuhi au usiku. Boti nazo, kata tiketi ya kurudi ya kesho yake. Ukilazimisha kuwahi boti ya jioni utaliacha jua juu ya dari.

Mchana mambo yanageuka. Ukuta wa nusu mita na zaidi unachelewa kupata joto, hivyo chumba cha chini ni baridi saa sita na kinafuka joto saa tatu usiku. Chakula cha mchana kaeni chumba cha chini, cha usiku kaeni juu ya dari. Wakati wa masika ulizia kama dari lina paa la kuwafunika. Turubai haitoshi mvua ikija na upepo. Mwezi wa Ramadhani msitegemee kula hadharani mchana.

Ukuta huohuo unakata mtandao. Mashine ya kadi inazunguka tu, na malipo ya simu yanagoma. Bebeni fedha taslimu za kutosha bili nzima, au lipieni karibu na mlango. Kabla ya kuagiza uliza kama bei imejumuisha kodi na ada ya huduma: kwenye bili ya 400,000, huduma ya 10% pekee ni 40,000.

Jambo la mwisho, tazama juu ukishakaa. Madoa ya kahawia kwenye boriti, au plasta inayobanduka kama magamba, ni maji yameingia, na mara nyingi kuna mtu amepaka saruji juu ya chokaa na unyevu umekosa pa kutokea. Sehemu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la hapo Mji Mkongwe, iliporomoka Desemba 25, 2020. Dari la boriti likiwa linacheza mhudumu anapopita, omba meza iliyo karibu na ukuta, au shukeni.