Washirika wa chombo wameachana: wakili mchanga aanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niliapishwa kuwa wakili mwaka jana na sasa niko katika ofisi ndogo hapa Malindi. Kwetu ni Lamu. Mkuu wangu ameniachia jalada la watu wawili waliokuwa na mashua tatu na chumba cha baridi cha samaki tangu 2016, wakaachana 2021. Mteja wetu anadai shilingi milioni 23, na kesi iko Mahakama Kuu. Ushahidi ni madaftari manne yaliyoandikwa na mdaiwa, taarifa za M-Pesa, risiti kama mia sita, na sauti za WhatsApp. Zimebaki wiki tano tusikizwe. Nianzie wapi? Hizo sauti zitakubaliwa? Na mdaiwa nitamhoji vipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa risiti mia sita.

Kesho alfajiri, kabla hujafungua kitabu chochote cha sheria, teremka pwani vyombo vikiingia. Tazama samaki anapimwa na nani, nani anashika kalamu, barafu inalipiwa kabla au baada, nahodha na mabaharia wanagawana vipi. Nakutuma huko kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na kesi inayofanana na yako. Mdaiwa alikuwa ameandika daftarini mafuta ya mashua kila wiki, Juni, Julai na Agosti, bila kuruka hata moja. Mtoto wa Lamu haambiwi kusi ni nini, ule upepo wa miezi hiyo unaochafua bahari. Nikamchukua polepole. Julai ile bahari ilichafuka? Ilichafuka. Mashua zilipandishwa juu? Zilipandishwa. Hata moja haikutoka? Haikutoka. Hapo ningeketi. Badala yake nikageuka kidogo, watu wanione vizuri, nikauliza: "Basi haya mafuta yalikwenda wapi?" Akanitazama kwa huruma. "Kwenye jenereta, wakili. Stima ilikuwa ikipotea na samaki wamo ndani." Hata karani alicheka.

Usiku nikazifungua risiti tena. Zote zilisema petroli. Jenereta ya chumba kile ilikuwa ya dizeli. Picha yake imo ndani ya jalada langu, kibandiko kinasomeka. Jibu nilikuwa nimelibeba mkobani siku mbili. Lakini shahidi alikuwa ameshashuka kizimbani, na nilipoitaja hoja ile katika mawasilisho ya mwisho, jaji aliniuliza swali moja tu: mbona hukumwuliza yeye mwenyewe? Sheria ya ushirika nilikuwa nimeimeza yote. Mashine inakunywa nini, sikujua.

Ukirudi kutoka pwani, tengeneza jedwali moja. Usifanye matano. Tarehe, kilichotokea, kiasi, karatasi gani na ukurasa upi, nani ataisemea mahakamani. Tia na misimu humo, kusi na kaskazi, maana mapato ya mashua hupanda na kushuka nayo, na hesabu isiyojua upepo hujitaja yenyewe. Jedwali hilo ndilo kazi yote. Wengi huingia uwakili wa kesi za biashara wakidhani ni kusimama na kunena. Mimi naona siku moja ya kusimama huwa imelipiwa na siku thelathini za kukaa sakafuni na karatasi.

Hiyo milioni 23 nayo uivunje vipande. Hasara mahsusi, yaani ile inayohesabika kwa fedha, lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu, shilingi kwa shilingi. Mahakama zetu hazilegezi hapo. Ukijumlisha na kukuta karatasi zinabeba milioni 17 tu, mwambie mteja sasa, kisha useme wewe mwenyewe mbele ya jaji kabla wakili wa upande wa pili hajakusemea. Mtafute mhasibu pia, atakayeweza kueleza jedwali bila kujikwaa.

Taarifa ya M-Pesa aombe mwenye laini, iwe nzima, si picha za skrini. Halafu tazama majina ya wapokeaji. Nahodha wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mke au dada, na upande wa pili watasema huyo mama hawamjui. Mtafuteni, aandike maelezo yake sasa. Kwa kanuni zetu maelezo ya mashahidi na nakala za vielelezo huandamana na hati ya madai tangu mwanzo; cha kuongeza baadaye kinahitaji idhini ya mahakama. Ombeni mapema. Asubuhi ya kesi mtafukuzwa nacho.

Sauti za WhatsApp zinakubalika, ila usiende bila cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Cheti kinaeleza rekodi ni ipi, ilitolewaje, kwa kifaa gani, na kinatiwa saini na mtu mwenye dhamana ya kifaa hicho. Kwako nadhani ni mteja mwenyewe, kama simu ni yake. Simu yenyewe aitunze. Asiiuze, asimpe mtoto, asisafishe mazungumzo kwa sababu yana mambo ya nyumbani. Sauti zikinyofolewa moja moja, atakayezipinga atasema mmechagua, na atakuwa na haki.

Kisha kuna tafsiri, na hapa nikae kidogo. Mahakama za chini husikiza kwa Kiingereza au Kiswahili, lakini lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, kwa hivyo kila sauti iandikwe neno kwa neno, itafsiriwe, na mtafsiri atie saini. Mfasiri usimwamini bila kumsoma. Nilipata kuona sauti ambayo mtu anasema, "Mimi nilitia laki nane chomboni." Tafsiri ikaandika kwamba alikopesha laki nane. Angalia neno moja linavyohamisha kesi. Aliyekopesha ana deni analodai, chombo kikizama au kisizame. Aliyetia mtaji anangoja faida, na hasara pia ni yake. "Kutia" hakusemi ni lipi kati ya hayo mawili. Lazima mteja aulizwe siku ile alipozitoa walikubaliana nini, na nani alikuwepo. Wewe unakijua Kiamu, lahaja ya kwenu Lamu. Sikiza sauti zote mwenyewe, hata za dakika tisa.

Mamlaka ya mahakama uyapitie haraka, ila uyapitie. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani kuhusu meli ya Lillian S mwaka 1989 tunajua kwamba jaji akikosa mamlaka huweka zana chini papo hapo, yaani haendelei na kesi. Kama ugomvi wenyewe hasa ni wa kiwanja kilicho chini ya chumba cha baridi, utaambiwa nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mteja akikwambia wazee wanashauri kwa Kadhi, mweleze kwa adabu kwamba Kadhi ana ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, si mashua. Na tazama kama mkataba wao ulitaja msuluhishi wa kuamua ugomvi nje ya mahakama. Mdaiwa aliyetaka kesi isimamishwe kwa sababu hiyo alipaswa kuomba mapema, si baada ya kujibu madai, lakini ujue kabla hajakushtua.

Sasa kumhoji. Madaftari uliyonayo ni yenyewe au nakala? Kwenye nakala kila wino ni mweusi. Omba kuyakagua yenyewe, uyafungue karibu na dirisha. Daftari la kweli la pwani lina chumvi, lina kalamu tatu tofauti, lina ukurasa uliolowa na hesabu iliyofutwa kwa hasira. Ukikuta mwaka mzima umeandikwa kwa kalamu moja na mkono uliotulia, huyo mtu aliketi mezani siku moja akaandika. Usimwambie hivyo. Mwulize kalamu aliyotumia Januari ilikuwa rangi gani, na ya Oktoba je. Mwulize kama daftari lilikuwa likikaa chomboni au nyumbani. Swali moja, jambo moja, na jibu uwe unalijua ukurasa wake. Akianza kueleza, mpe ukurasa mwingine. Ukishapata unachotaka, keti, hata kama roho inakuwasha.

Jambo la mwisho, kwa kuwa mteja wako hana pesa taslimu kwa sasa, atakuja kukuambia mkishinda mtagawana. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inakataza. Mwandikieni ada yenu kwenye karatasi, alipe kidogo kidogo.

Niandikie ukishayaona madaftari. Na hicho chumba cha baridi, jenereta yake mmeipiga picha?