Wanne wamemnunia mmoja: matroni afanyeje?

SWALI: Mimi ni matroni wa shule ya bweni ya wasichana, Tanzania. Nina watano wa Kidato cha Pili waliokuwa hawaachani, bwaloni hadi bombani. Tangu muhula uanze, wanne wamemnunia mmoja. Hawampigi wala hawamtukani. Akikaa mezani tu, wanainuka na sahani zao. Niliwaita wote ofisini, wakaombana msamaha na kupeana mikono. Usiku uleule hali ikazidi. Nilikosea wapi?

JIBU: Pale ulipowaita pamoja, matroni. Wanne wakikaa pamoja kauli yao ni moja, na mwenye kauli hiyo ni mmoja. Watatu humtazama yeye kabla ya kufungua mdomo. Mikono walipeana kukuridhisha wewe. Walipotoka nje, mwenzao alikuwa ameongezewa kosa: amewasemea.

Hakikisha kwanza unashughulika na nini. Dan Olweus wa Norway, aliyeanza kutafiti uonevu shuleni miaka ya 1970, alitazama mambo matatu: kukusudia kuumiza, kujirudia, na anayetendewa kuzidiwa nguvu. Wawili wakinuniana siku tatu, huo ni ugomvi wa kawaida. Wanne kwa mmoja, kila mlo, ni uonevu, hata kama hakuna kofi lililopigwa.

Kwa hali yako ningetumia njia ya Anatol Pikas, mwanasaikolojia wa Sweden: kuongea na mmoja mmoja bila kumlaumu. Omba vipindi viwili mfululizo vya dakika 40, ili kila mmoja apate kama dakika 20. Anza na yule unayehisi ndiye kinara. Akimaliza arudi darasani moja kwa moja, mwalimu akiwepo. Ukifanya wakati wa mapumziko, wa pili atakuja na majibu aliyofundishwa na wa kwanza.

Mwambie: “Nimeona fulani hana raha bwenini. Wewe unaonaje?” Kisha nyamaza, hata dakika nzima ikipita. Usiulize “kwa nini mnamtenga?”, maana hapo umemfanya mshtakiwa na atajitetea. Akikubali tu kwamba mwenzake hana raha, acha kuchimba. Uliza: “Wewe mwenyewe unaweza kufanya nini wiki hii kumpunguzia?” Usipokee “nitakuwa rafiki yake”, ni ahadi kubwa mno na huwezi kuikagua. Pokea “akija mezani sitainuka” au “nikienda kuchota maji nitamwita”. Andika daftarini maneno yake yenyewe, pamoja na siku ya kuonana tena.

Siku hiyohiyo, baada ya wanne, muone aliyetengwa. Msikilize, kisha uliza kwa upole nini kilitangulia. Pengine alitoa siri ya mwenzake. Hilo halihalalishi kutengwa, lakini mapatano yanayoliruka hayadumu.

Wiki moja baadaye waone tena mmoja mmoja, dakika tano tano, kwa ahadi ile tu. Ikiwa imetekelezwa, waite wanne wakubaliane kila mmoja atamwambia nini mwenzao, wakianza na jambo jema. Baada ya hapo ndipo watano wakae pamoja. Wasiondoke bila kusema watafanyaje wakikosana tena, kwa sababu watakosana.

Wakati huohuo mtafutie mwenzake nje ya kundi. Wape darasa zima karatasi. Kila mmoja aandike kwa siri majina matatu ya anaotaka kufanya nao usafi. Usiulize wasiowapenda, utakuwa umepanda mbegu nyingine. Tazama nani amemtaja, uwapange zamu moja. Rafiki mmoja anatosha kumshikilia. Kitanda chake usikihamishe kwanza: bweni zima litasoma kwamba yeye ndiye aliyeadhibiwa. Na kiranja asijue yaliyomo daftarini.

Njia hii haifai pakiwa na kipigo, wizi au picha za aibu zinazosambazwa. Hayo yapeleke kwenye nidhamu ya shule. Binti akiacha kula, akijikata au akizungumzia kufa, usisubiri wiki iishe. Asilale peke yake, mjulishe mkuu wa shule na mzazi siku hiyohiyo, apelekwe hospitali. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ni bure. Unaweza kupiga wewe, au ukampa simu apige mwenyewe.