AOD-9604 haijathibitishwa kupunguza mafuta

Ndugu, umeuliza kama AOD-9604 wanayoiuza inayeyusha mafuta mwilini. Hapana, kwa binadamu haijathibitishwa. Ni kipande cha mwisho cha homoni ya ukuaji, asidi amino (vijenzi vya protini) ya 176 hadi 191, kilichotengenezwa Australia. Kwa panya wanene kilifanya kazi. Kwa watu, jaribio la wiki 24 halikuonyesha tofauti ya maana na vidonge visivyo na dawa ndani, na mwaka 2007 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza, Metabolic Pharmaceuticals, ikaachana nayo kama dawa ya unene. Wauzaji wanakuonyesha matokeo ya panya, ya 2007 hawayagusi.

Usidhani ni sawa na retatrutaidi, dawa ya kupunguza uzito ya kampuni ya Eli Lilly. Hiyo ina nguvu kweli: kwenye jaribio la awamu ya pili lililochapishwa 2023, lenye watu 338, waliopewa miligramu 12 kwa wiki walipungua wastani wa asilimia 24 ya uzito ndani ya wiki 48. Ila kichefuchefu kilikuwa kingi, na mapigo ya moyo yalipanda.

Mimi ni mfamasia. Nimewahi kuletewa kichupa cha unga mweupe, hakina jina la mtengenezaji, lebo inasema "kwa utafiti tu", mteja anataka nimchanganyie na maji ya sindano. Nilikataa, maana huwezi kujua kwa macho kilichomo wala kama ni safi. Kama umeshajidunga kitu cha namna hiyo na unatapika mfululizo, nenda hospitali leo, na hicho kichupa ubebe.