Afya ya Farasi kwa Njia za Asili: Maswali ya Wasomaji

Swali: Nina farasi watatu katika malisho ya ekari mbili. Nimekuwa nikiwapa dawa ya minyoo kila baada ya miezi miwili. Sasa nashauriwa niache dawa, niwape kitunguu saumu na siki ya tufaha. Kipimo chake ni kipi?

Jibu: Kitunguu saumu usiwape. Hakijathibitika kuua minyoo wa farasi, na kikizidi huharibu chembe nyekundu za damu hadi mnyama akapungukiwa damu. Siki haina hatari kama hiyo, ila minyoo hawaijali. Hata hivyo, nia yako ya kupunguza dawa ni njema, na madaktari wengi wa mifugo wanaiunga mkono. Kuwapa farasi wote dawa kwa kufuata kalenda ndiko kulikozaa minyoo sugu. Wale wadogo wa utumbo mpana hawatikiswi tena na dawa za kundi la benzimidazoli katika sehemu nyingi za dunia.

Bila dawa, minyoo hushindwa kwa kukatiwa njia. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa, na lava, yaani minyoo wachanga, hupanda kwenye majani wakisubiri kuliwa. Basi okota kinyesi malishoni angalau mara mbili kwa wiki. Hakuna mmea unaofikia nusu ya faida ya reki na toroli. Usikisambaze kinyesi malishoni wakati wa unyevunyevu, maana hapo utakuwa unapanda minyoo kila mahali. Kirundike mbali, ukigeuze mara kwa mara ili sehemu ya nje nayo ipate joto la ndani linaloua lava, na samadi ikiwa bado mbichi usiirudishe kwenye malisho ya farasi.

Farasi watatu kwa ekari mbili ni wengi. Ardhi ikibanwa hivyo, wanalazimika kula karibu na vinyesi, mahali ambapo kwa kawaida wangepaepuka. Gawa malisho kwa uzio wa muda, na uwahamishe kabla majani hayajashuka chini ya sentimita 5 au 7, kwa sababu lava wengi hukaa karibu na ardhi. Ukiwa na kondoo au ng'ombe, wapitishe baada ya farasi. Watameza lava, na wengi wa minyoo wa farasi hawawezi kuishi ndani yao.

Kisha pima badala ya kukisia. Chukua kinyesi kibichi, punje chache kutoka sehemu tofauti za rundo moja, tia kwenye mfuko, toa hewa yote, funga, weka mahali pa baridi na ufikishe maabara siku hiyo au kesho yake. Andika jina la farasi juu ya mfuko, kwa sababu kila mmoja ana hesabu yake: katika kundi la farasi wazima, wachache ndio wanaomwaga sehemu kubwa ya mayai. Mzima mwenye afya akiwa chini ya mayai 200 kwa gramu, mara nyingi huachwa bila dawa. Akizidi, anatibiwa. Rudia kipimo siku 14 baada ya dawa. Mayai yasipokuwa yamepungua sana, dawa hiyo imeshindwa shambani kwako.

Kipimo hiki kina mipaka. Hakionyeshi lava waliojificha kwenye ukuta wa utumbo, na tegu hukiponyoka kwa urahisi. Farasi wachanga nao wana ratiba yao. Kwa hiyo panga na daktari wa mifugo dawa chache za mwaka ambazo hazikwepeki.

Na dawa ikitolewa, itolewe kwa uzito kamili. Pima kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Mzunguko wa 180 na urefu wa 160 hutoa takriban kilo 436. Farasi anayekisiwa kuwa na kilo 350 huku ana 436 hupata dawa pungufu, na minyoo wanaonusurika ndio wanaozaa kizazi sugu.

Swali: Farasi wangu anashinda bandani akiguguna mbao. Nampa mahindi na pumba asubuhi na jioni, na nyasi kavu kidogo. Je, amepungukiwa madini gani?

Jibu: Kabla ya kutafuta madini, tazama nyasi. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, lita 8 hadi 15 hivi, na linatoa asidi usiku na mchana, ale asile. Mate yanayopoza asidi hiyo hutoka anapotafuna tu. Akikaa saa sita hana cha kutafuna, asidi huanza kuchoma ukuta wa tumbo, naye hugeukia mbao. Hapo ndipo vidonda vya tumbo huanzia, na mahindi mengi huvizidisha.

Mpe nyasi kavu kwa siku kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake. Farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 9 hivi, zisizo na ukungu wala vumbi, na usishuke chini ya asilimia 1.5 bila usimamizi wa daktari. Zigawe mara nne, fungu kubwa likiwa la usiku. Akizimaliza upesi, tumia wavu wa matundu ya sentimita 3 hadi 4. Nafaka zije baada ya nyasi, zisizidi kilo 2 kwa mlo, na kama hafanyi kazi nzito huenda asizihitaji kabisa. Dakika 20 hivi kabla ya kumpanda, mwache atafune nyasi, ili asidi isirukie sehemu ya juu ya tumbo anapokimbia.

Pumba za kila siku ziache. Zina fosforasi nyingi mno kuliko kalsiamu, na zikiwa nguzo ya mlo kwa miezi, mwili huchota kalsiamu kwenye mifupa, na mifupa ya uso huweza kuvimba. Punguza taratibu kwa siku 10 hadi 14, kwa kuwa vijidudu vya utumbo vinavyomeng'enya nyasi haviwezi mabadiliko ya ghafla.

Ongeza chumvi ya kawaida, gramu 30 hivi kwa siku, zaidi akitoka jasho. Maji yawepo muda wote: lita 25 hadi 45 kwa siku, na siku za joto hupita hapo. Mtoe nje pia, akae na mwenzake. Farasi ni mnyama wa kundi na wa kutembea, na upweke wa bandani humchosha kama njaa.

Swali: Kwato zinanuka na zinatoa uchafu mweusi. Kuna mafuta ya asili ya kupaka?

Jibu: Usipake mafuta juu ya kwato chafu. Unafungia unyevu ndani, na bakteria wa uozo huo hustawi mahali pasipo hewa. Safisha kila siku kwa ndoana ya kwato, kutoka kisigino kuelekea mbele, ukiingia kwenye mifereji miwili kandokando ya ile sehemu laini ya pembetatu. Piga brashi, osha kwa maji ya chumvi, kausha kabisa kwa kitambaa. Badilisha matandiko ya banda, maana farasi anayesimama juu ya mkojo hatapona kwa dawa yoyote. Fundi wa kwato apite kila wiki 6 hadi 8, kwa sababu visigino virefu hufanya mifereji kuwa mirefu na uchafu kunasa. Akichechemea, au panapotoka damu, mwite daktari.

Swali: Visubi wanamtesa. Mafuta ya mchaichai yanasaidia?

Jibu: Kwa muda mfupi tu. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi na usubiri siku moja, maana wengine huvimba. Mwingize bandani kabla ya jua kuchwa, atoke kukishapambazuka, na uweke wavu wa matundu madogo sana. Feni husaidia kuliko mafuta, kwani visubi ni dhaifu katika upepo. Mahali penye tauni ya farasi, inayoenezwa na visubi hao, chanjo haina mbadala. Hali kadhalika chanjo ya pepopunda, ambayo farasi huathirika nayo kwa urahisi mno.

Swali: Farasi akishikwa na maumivu ya tumbo, nimnyweshe mafuta ya kupikia na tangawizi?

Jibu: Hapana. Usimmiminie chochote kinywani. Mafuta huweza kuingia mapafuni na kumuua farasi ambaye tumbo lingepona. Daktari huyapitisha kwa mpira wa puani hadi tumboni, akihakikisha umefika mahali pake.

Ukimwona akiparura ardhi, akigeuka kutazama ubavu, akilala na kuinuka au kugaagaa, ondoa chakula lakini mwachie maji, na mpigie daktari papo hapo. Mtembeze polepole kama anataka kugaagaa, lakini usimchoshe kwa masaa. Akigaagaa kwa nguvu, kaa mbali.

Wakati ukisubiri, shika mshipa chini ya taya na uhesabu. Mapigo ya kawaida ya farasi mzima aliyetulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yakizidi 60 ni dharura kubwa. Pumzi ni 8 hadi 16, joto ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Bonyeza fizi kwa kidole uachie: rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Mweleze daktari namba hizo, saa aliyoanza kuumwa, mara ya mwisho alipotoa kinyesi, na chochote kilichobadilika katika chakula au maji tangu juzi.